Matumizi ya Mfanyabiashara Mdogo ni Riziki ya Wengi

Wako watu, na aghalabu ni wasomi, wanaodhani kwamba uchumi wa nchi hujengwa na viwanda vikubwa na mabenki peke yake, na kwamba seremala wa Keko, kule Dar es Salaam, ni mtu wa kuhurumiwa tu, asiye na sehemu katika ustawi wa taifa. Kauli hiyo haina insafu. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na biashara ndogo ndogo zaidi ya milioni 3, zilizowapa kazi watu zaidi ya milioni 5. Na hao ni waliomo ndani ya biashara zenyewe, mbali na wale wanaoishi kwa matumizi yake.

Natutazame kitanda kimoja. Mteja akiisha kumpa seremala arubuni ya kitanda cha futi 5 kwa 6, fedha ile hailali mfukoni hata adhuhuri: sehemu humwendea mwuza mbao za paini, na kupitia kwake huwafikia dereva wa lori na wapasua magogo wa Mufindi, lilipo shamba la miti la Sao Hill, sehemu huenda dukani kwa misumari, gundi, msasa na vanishi, nyingine ni ujira wa kijana apigaye randa, ambaye saa saba humlipa mama ntilie sahani ya wali na maharage, naye mama ntilie jioni hununua mchele na mkaa wa kesho. Kitanda hakijapakwa vanishi, na majiko kadhaa yamekwisha kuwashwa.

Huenda mtu akahoji kwamba tajiri hutumia zaidi. Ni kweli, ila mwenye rasilmali kubwa aweza kuagiza shehena nzima ya makochi kutoka ng'ambo, ilhali mdogo, kwa kuwa hana ghala wala akiba, hana budi kununua leo kwa jirani kile atakachokitumia leo, na kwa hiyo fedha yake huzunguka upesi mumu humu mjini.

Lakini asiye na akiba hawezi kungoja. Ofisi ikiagiza madawati, ikayapokea, kisha ikakaa na deni miezi, hasara haimpati seremala peke yake: kijana wa randa hurudishwa nyumbani, mwuza mbao hukataa kukopesha, na wali wa mama ntilie hulala sufuriani. Ni kweli, ili kuwasaidia mafundi kama huyu, Serikali iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini mafunzo na mikopo ya shirika hilo vitafaa nini iwapo wateja wenyewe hatulipi?

Basi shime, ndugu zangu. Mwenye kununua na anunue kwa fundi wa karibu, maadamu kazi yake ni njema. Fundi naye asivunje miadi, kwani mteja aliyedanganywa huondoka na riziki za wengi. Na mwenye kuagiza alipe siku ya ahadi. Deni la fundi ni haki yake na haki ya wote wanaokula nyuma yake: lilipeni.