Wenzi wa Duka

Vijana wetu wengi hufungua duka kwa mtaji wa haba, na mwaka haujatimia likafungwa. Twaambiwa fedha zilipungua. Sisi twaona waliopungua ni watu. Jamaa anao tele, lakini kila mmoja huja kukopa sukari!

Katika mji wa Rochdale, Uingereza, walikuwako watu 28, wafumaji na mafundi wengineo wa ujira mdogo. Waliweka akiba kidogo kidogo hata zikapatikana pauni 28, na Disemba 1844 wakafungua duka la unga, siagi na sukari. Sharti lao lilikuwa zito: hapana kukopa, hata kwa mwenye hisa. Faida waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, basi ikawa haja ya kila mtu kununua papo hapo. Mwaka wa pili wanachama walikuwa 74.

Basi kijana, kabla ya kuukimbilia mkopo wa riba, na awakusanye jamaa watano awaulize: nani atanunua kwa fedha taslimu? Nani ajua hesabu, amkagulie daftari kila Ijumaa? Nani amjua muuzaji wa jumla, amdhamini? Asiyeweza hata moja na abaki jamaa wa kutembeleana.