Nobita, Si Goku

Wajukuu zangu wamekwisha kunihukumu: ati mwalimu mkuu mstaafu hana la kusema juu ya anime, yaani katuni za Kijapani. Nitasema. Wao humtaja Goku wa Dragon Ball kuwa ndiye sura ya sanaa hiyo mbele ya watu wote. Napinga! Mgeni akionyeshwa Goku kwanza, huona ngumi na miali itokayo viganjani, akaondoka akisema ni vurugu tupu. Mimi nilisema hivyo, nikawazimia televisheni likizo nzima.

Anayestahili ni Doraemon, roboti lenye umbo la paka, pamoja na mwenzake Nobita, waliobuniwa na Fujiko F. Fujio mwaka 1969. Nobita ni mvivu, apataye sifuri kwenye mitihani. Doraemon humtolea mfukoni chombo cha kumwokoa. Yeye hukitumia vibaya, mambo yakazidi kuharibika. Ni Nobita wangapi waliosimama mbele ya meza yangu? Niliwaandikia wazazi wao barua kali, wala sikumpenda hata mmoja kama mtunzi huyu alivyompenda wake.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani, ilipotafuta balozi wa anime mwaka 2008, haikuteua mpiganaji, ilimteua Doraemon. Mjukuu wangu mkubwa hujibu kwamba serikali haijui utamu. Haya. Lakini mdogo wake, ambaye darasani hushika mkia, jana alichukua rimoti akaweka Nobita, akanitazama kama nitazima.

Sikuzima.