Mike Rua: skizeni gita, wacheni madharau

Wasee wa Ruring'u, mugithi ni treni kwa Kikuyu, na nyinyi mnajua tu kushikana viuno kama mabehewa. Kesho yake mnasema Mike Rua ni muziki wa walevi. Nani ashawahi kuskiza ile gita?

One-man guitar ni msee mmoja. Hakuna mpiga besi, hakuna gita ya pili, ni mdundo wa mashine tu. Kamba zimebeba wimbo wote na bado anaimba, anachokoza watu, anaruka kutoka Kikuyu hadi kantri bila mkono kusimama. Sauti kavu, laivu, mkono ukiteleza unasikika.

Lakini msanii wenu akipanda na flashi, aimbe juu ya sauti yake mwenyewe, mnamwita legendi. Kwa gani?