Itisha Unachohitaji Tu

Shangazi yangu anauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Asubuhi mitungi inapanda basi ya Nairobi, mteja wa Eastleigh anatuma pesa kwa simu. Mwezi jana mteja mmoja alisema ameshalipa, wakabishana. Shangazi akaitisha stetimenti ya miezi sita, akamtumia yote kwa WhatsApp. Kweli malipo yalikuwepo. Lakini jamaa aliona pia mikopo anayolipa shangazi na ada ya shule inayoenda kidogo kidogo. Wiki iliyofuata akashusha bei, akijua mama huyu hana ubavu wa kukataa.

Mimi nilisomea masoko, si kompyuta, ila watu wetu wa mitambo wamenifundisha kitu. Hifadhidata ni kama kaunta buku kubwa yenye kolamu: jina, namba, kiasi, tarehe, salio. Ukiuliza kiasi peke yake, inaweza kukijibu kutoka kwa faharasa ndogo bila kufungua kitabu kizima. Zile zinazohifadhi kila kolamu kivyake zinasoma hiyo moja tu na kuacha zingine. Hata ukiuliza swali ndani ya swali, mara nyingi mtambo unajua kutupa kolamu ambazo jibu la mwisho halizitumii. Ni werevu kweli. Lakini ukisema "nipe zote", itakupa zote. Haiwezi kujua kwamba ulitaka moja.

Ndiyo maana ukiangalia salio kwa USSD, ambapo ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, hatuna sababu ya kuchota historia yako yote.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka vivyo hivyo: data inayokusanywa iwe ile inayohitajika kwa kazi husika. Kwa maoni yangu sheria hiyo inatubana sisi kampuni, na ni sawa itubane, lakini haimzuii mtu kujianika mwenyewe. Mwenye nyumba akitaka kujua kama kodi imeingia, kwa nini aone unamtumia nani pesa kila Ijumaa? Na ile mesej ya kuthibitisha malipo, kabla hujaiforwadi, angalia: mara nyingi salio lako liko hapo mwishoni.

Siku hizi shangazi akibishana na mteja anaitisha vitu viwili, tarehe na namba ya muamala. Anatafuta mesej kwa simu yake mwenyewe, anajibu "nimeiona" ama "sijaiona". Bei ya yule jamaa bado hajaipandisha, lakini.