Tumemwaga vifaranga, halafu?

Wadau, leo naanza kwa kuungama. Miaka michache iliyopita nilitumwa kuandika habari ya kupandikiza vifaranga vya samaki kwenye bwawa moja la umma. Mgeni rasmi akahutubia, akainamisha ndoo, kamera zikamulika. Kesho yake habari yangu ikatoka, idadi ya vifaranga ikiwa kwenye kichwa cha habari. Sikurudi tena pale. Wala hakuna mhariri aliyeniuliza samaki wangapi walikua.

Ndiyo hoja yangu: tunahesabu wanaoingia majini, hatuhesabu wanaokua.

Msinielewe vibaya, kuzalisha vifaranga ni kazi ya kitaalamu. Kambale akifugwa ni nadra kutaga mwenyewe. Jike huchomwa sindano ya homoni, mayai yakakamuliwa kwa mkono, na dume mara nyingi huchinjwa ili zipatikane mbegu zake. Sato yeye huatamia mayai mdomoni, hivyo wataalamu huyatoa na kuyaangulia kwenye vyombo vyenye maji yanayozunguka. Vifaranga vya sato vya kuuzia wafugaji mara nyingi hulishwa homoni kwa wiki tatu au nne ili karibu wote wawe madume, maana dume hukua haraka na bwawa halijai watoto.

Sasa wapeleke madume hao kwenye bwawa jipya la umma lisilo na samaki. Watazaliana na nani? Kwa mfugaji hiyo ni akili. Kwa umma ni kitoweo cha msimu mmoja, basi.

Halafu kuna suala la aina ya samaki. Miaka ya 1950 sangara na sato walipandikizwa Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ametawala, aina nyingi za furu zikatoweka, na ngege, kitoweo cha wazee wa Kanda ya Ziwa, akawa adimu. Sikatai, sangara alileta viwanda na fedha. Lakini nani leo anaweza kumtoa? Maji yakimwagika hayazoleki, samaki ndio kabisa!

Na jamani, makokoro je? Kokoro lenye matundu madogo hukokotwa kwenye maji ya kina kifupi, huko huko samaki wanakozaliana, likabeba wazazi na watoto. Asubuhi mgeni rasmi anamwaga, jioni kokoro linazoa. Kama hatulindi mazalia, ndoo ni maigizo tu.

Wanahabari wenzangu, tukialikwa tena tuulize maswali matatu. Ni samaki gani na wazazi wao wametoka maji gani? Nani atawalinda? Nani atarudi mwakani kupima?

Hilo la tatu nalichukua mwenyewe. Narudi kule bwawani, safari hii bila mgeni rasmi. Nitakuta nini, tutaambizana hapa hapa.

Nyie mnasemaje?