Jembe Linasingiziwa Uzazi wa Tanga

Imani iliyoenea kwamba wakulima wa pwani ya Tanga walizaa watoto wengi kwa sababu jembe la mkono lilitaka mikono mingi, na kwamba wajukuu wao wameirithi tabia hiyo hata mjini, ilipata nguvu ya kitaaluma mwaka 2011, pale Alberto Alesina, Paola Giuliano na Nathan Nunn walipodai kuwa jamii zilizolima kwa plau tangu kale huzaa wachache leo kuliko zile za jembe. Pengine hoja hiyo inafaa katika kulinganisha mabara; ikifikishwa Pangani, haisimami.

Mashamba makubwa ya Tanga hayakuwahi kungoja mtoto akue. Wenye mashamba ya miwa ya Pangani katika karne ya 19 walinunua watumwa, na baada ya Richard Hindorf kuingiza mkonge mwaka 1893, walowezi walitegemea manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengi wao wanaume, waliotolewa mbali kama Kigoma na Songea na kulipwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Uchumi ulioagiza watu wazima haukuwa na haja na tumbo la mama wa Kibondei.

Katika shamba la nyumbani mtoto aliamia ndege, ni kweli, ila alikula miaka mingi kabla ya kuamia, na palizi ilimtaka mama ambaye mimba na mtoto wa mgongoni vilimchelewesha. Ndiyo maana palikuwa na woga wa kubemenda, yaani kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa wazazi kukutana kimwili mapema, woga uliotenganisha uzazi mmoja na mwingine. Jamii yenye njaa ya mikono haijifungi hivyo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wastani wa watoto 6.4 kwa mwanamke katika Kanda ya Ziwa, ambako Wasukuma wengi hulima kwa plau la ng'ombe, na 3.8 Lindi na Mtwara, kwenye jembe la mkono. Mtetezi atajibu kwamba plau la Usukumani ni la juzi, lilikuja na ukoloni. Basi kwa jembe la kale kanda hizo zilikuwa sawa, na tofauti yao bado haina maelezo. Kulisingizia jembe ni rahisi kuliko kuuliza binti wa Muheza aliacha shule darasa la ngapi, na nani nyumbani kwake huamua mtoto mwingine aje lini.