Usafi wa Nyumbani: Kuosha Motokaa kwa Mvuke



Mwezi huu tumeletewa swali na kijana mmoja wa Ilemela, katika Mwanza, ambaye kazi yake ni kuosha motokaa kando ya ziwa. Asema kwamba kila asubuhi motokaa huingizwa majini mpaka nusu ya magurudumu yake, naye husimama hapo hapo, maji yakimfika magotini, akiwa na ndoo, brashi na sabuni ya unga. Mama yake hairidhii kazi hiyo, kwa kuwa hatua chache kutoka hapo ndipo majirani watekapo maji ya kupikia. Yeye humjibu kwamba ziwa ni kubwa, wala povu la motokaa moja haliwezi kulidhuru. Sasa amesikia habari za mashine isafishayo kwa mvuke, na auliza kama ni kweli au ni maneno ya wauzaji tu.

Swali hili ni jema, maana ndani yake mna haki tatu: haki ya kijana kutafuta riziki ya halali, haki ya majirani katika maji, na haki ya mwili wake mwenyewe. Tutaanza na hii ya mwisho, kwa sababu mama hakuitaja wala kijana hakuiuliza.

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria mna ugonjwa wa kichocho cha tumbo. Mayai ya mdudu wake hutoka katika choo kikubwa cha mgonjwa. Yafikapo majini huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono wa majini, kisha hutoka tena kwa wingi na kumtafuta mwanadamu. Havingoji mtu ayanywe maji, bali hupenya katika ngozi nzima ya mtu aliyesimama humo, asihisi kitu. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi huharibu matumbo na ini. Huko Kisumu, Kenya, katika ziwa hili hili, wataalamu wa taasisi ya utafiti ya KEMRI pamoja na wenzao wa Marekani walianza katika miaka ya 1990 kuwafuatilia waosha motokaa wasimamao majini. Waliwatibu kwa dawa ya praziquantel, nayo ni dawa njema. Lakini wengi waliporejea kazini waliambukizwa tena, ingawa baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walionekana kupata kinga. Basi kijana wetu na aende hospitali akapimwe, kisha ajiulize: yafaa nini kutibiwa leo na kurudi kesho katika maji yale yale?

Ama kuhusu hoja yake kwamba ziwa ni kubwa, ni kweli. Lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, nazo zimegawanyika baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Lakini kina chake ni mita 40 tu kwa wastani, na povu lililomwagwa ufukoni haliendi katikati ya ziwa. Hubaki katika ghuba, pale pale wanapoteka watu. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa kukaushwa na jua, na yanayobaki hutoka kwa mto Naili huko Jinja. Jua huchukua maji matupu. Grisi na oili halizichukui. Tena baadhi ya sabuni zina fosfati, ambayo ni chakula cha mimea ya majini. Wakazi wa mwambao hawana haja ya kuelezwa habari za magugumaji, yaliyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye yakaziba mialo na kuwazuia wavuvi. Hatusemi kwamba waosha motokaa ndio walioyaleta. Mbolea za mashamba, maji machafu ya miji na ya viwanda yana sehemu kubwa zaidi. Lakini aliye na kosa dogo hasameheki kwa kuwa jirani yake ana kosa kubwa.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, shughuli za kudumu na zile ziwezazo kudhuru mazingira.

Sasa tuje kwenye mvuke. Si jambo geni Mwanza. Reli ilipofika mwaka 1928, vichwa vya gari la moshi vilikwenda kwa mvuke. Mashine ya kusafishia huchemsha maji katika chombo kilichofungwa, mvuke ukabanwa humo, joto lake likapita lile la maji yachemkayo katika sufuria, kisha ukatolewa kwa mpira wenye mdomo mwembamba. Siri yake ni hii: kuyageuza maji yachemkayo yawe mvuke kwahitaji joto zaidi ya mara 5 ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa barafu na kuyachemsha. Joto hilo lote mvuke huuachia ubati pale unapougusa na kurudi kuwa maji. Grisi huyeyuka, vumbi lililoganda hulegea, na kitambaa humaliza kazi. Ndiyo sababu sabuni huhitajika kidogo sana, au haihitajiki kabisa.

Akiba yake ya maji yaonekana wazi. Mpira wa bomba hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika, basi dakika 15 ni lita 150. Mvuke waweza kuitosha motokaa ndogo kwa lita chache. Lakini si bure: kuzigeuza lita 4 kuwa mvuke kwahitaji, kwa hesabu, karibu uniti 3 za umeme, mbali na joto lipoteao njiani.

Namna ya kazi ni hii. Motokaa yenye matope mazito isuguliwe kwanza kwa maji ya ndoo, kwa maana mchanga ukipanguswa mkavu huikwaruza rangi. Kisha anza juu, ushuke, magurudumu yawe mwisho. Vitambaa viwe viwili, kimoja cha kupangusia na kimoja cha kukaushia, na kila upande ukichafuka kigeuze. Usiuweke mdomo wa mvuke mahali pamoja, wala usiuelekeze kwenye rangi iliyopasuka, nyaya za umeme, au kioo kilicho baridi. Watoto wakae mbali, kwa kuwa mvuke huunguza kuliko maji ya moto. Na kilango cha usalama cha mashine kisizibwe abadani.

Na kwa wenye nyumba: ikiwa mtoto amekojoa katika kiti cha motokaa, msidhani kuwa mvuke umekwisha kukitoharisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi najisi huondolewa kwa maji. Basi mimineni maji kwanza, na mwenye shaka amwulize shehe wake.

Lipo jambo moja wauzaji hawalitaji. Uchafu haupotei, huhama. Umetoka katika motokaa ukaingia katika kitambaa, na mwenye kwenda kukifulia kitambaa hicho ziwani hakufanya lolote. Kifuliwe mbali na ufuko, na maji yake yamwagwe katika shimo lililochimbwa kwenye udongo. Nacho chenye oili nyingi kisifuliwe, kitengwe pamoja na taka.

Asiye na mashine asivunjike moyo. Ndoo mbili za lita 20, moja ya sabuni kidogo na moja ya kusuuzia, juu ya ardhi kavu iliyopita mita 60 kutoka majini, zamtosha kuanza. Na vijana watano au sita wakichanga kidogo kidogo waweza siku moja kununua mashine ya shirika na kuipeleka nyumbani kwa wateja wao, wasiingie ziwani tena.

Imepokewa kwamba Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji, yaani kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Ikiwa hicho kilitosha kwa ibada, sisi tuna udhuru gani kulichafua ziwa zima kwa ajili ya motokaa?

Basi, mwanetu, mama yako amesema kweli, ingawa hakujua kwamba wa kwanza kudhurika ni wewe. Toka majini, ukamwambie kuwa umemsikia.

Wabillahi taufiq.